Sonona: nianzie wapi kutafuta msaada?

Swali la kweli mara nyingi huja mwishoni. Mtu ameshaeleza habari za kichwa na usingizi, ameshapewa cheti cha dawa, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, ndipo anageuka: "Halafu daktari, mtu akiwa hajisikii tu kuishi, huo nao ni ugonjwa?" Maswali yafuatayo ni ya aina hiyo.

Nitajuaje kama ni sonona au ni mawazo tu ya maisha?

Angalia muda, na angalia mambo uliyoacha kuyafanya. Huzuni ya kufiwa au kupoteza kazi huja na kuondoka. Katikati yake mtu bado anaweza kucheka. Msongo wa mawazo nao hupungua mzigo ukishatua. Sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, haiondoki hata kukiwa na habari njema.

Wataalamu huangalia dalili tisa: moyo mzito, kutofurahia hata ulichokipenda, usingizi kupotea au kuzidi, hamu ya kula kubadilika, uchovu, mwili kuwa mzito au kushindwa kutulia, kujiona hufai, akili kutoshika jambo, na kuwaza kifo. Zikiwa tano au zaidi, mojawapo ikiwa kati ya zile mbili za mwanzo, karibu kila siku kwa wiki mbili, na shughuli zako zimeyumba, hiyo ni sonona. Lakini usikae ukihesabu mpaka zitimie. Hata tatu zinazokusumbua zinatosha kukupeleka kituoni.

Machozi si kipimo. Wapo wasiolia kabisa: hasira zimekuwa karibu, mgongo unauma, simu zinaita hawapokei. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa wanaoishi na ugonjwa huu ni zaidi ya watu milioni 280.

Lazima niende hospitali ya magonjwa ya akili?

Hapana, na dhana hiyo imewachelewesha wengi. Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe, kwa daktari au tabibu yeyote wa kawaida. Sonona nyingi hutibiwa hapohapo, na ikihitajika utapewa rufaa.

Kinachokwamisha mara nyingi ni namna tunavyojieleza. Ukisema "kichwa kinauma, silali", utaondoka na dawa ya maumivu, na huwezi kumlaumu aliyekuandikia. Sema kwanza lile zito: "Nina mwezi wa pili sina furaha na kitu chochote, nahisi ni sonona." Ukiona ulimi utakuwa mzito, andika kwenye karatasi ukiwa nyumbani: ilianza lini, unalala saa ngapi, umeacha kufanya nini, unatumia dawa gani, unakunywa pombe kiasi gani. Ukifika, mpe karatasi. Hakuna sheria inayosema lazima uongee wewe.

Huenda ukapewa fomu fupi ya maswali tisa, inayotumika tangu 2001. Kila swali huuliza ni mara ngapi umesumbuliwa na dalili fulani kwa wiki mbili zilizopita, na hupewa alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, uchunguzi zaidi unahitajika. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na ndilo watu hulijibu kwa kuficha. Lijibu kwa ukweli.

Usishangae pia ukitolewa damu. Upungufu wa damu na tezi ya thairoidi (iliyoko shingoni) inayofanya kazi kwa ulegevu vinaweza kuleta uchovu na uzito unaofanana sana na sonona. Na kama umewahi kuwa na kipindi cha nguvu za ajabu, hulali na huchoki, unaongea mfululizo na kutumia pesa ovyo, kiseme bila kusubiri kuulizwa. Hali hiyo ina tiba yake, na dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kuichochea.

Kuongea tu kutanisaidiaje?

Tiba ya mazungumzo si kupiga soga wala kupewa nasaha za "jipe moyo". Ni kazi yenye mpangilio, mara nyingi kwa vikao vya kila wiki. Chukua mfano huu: umemwandikia rafiki ujumbe, ameusoma, kimya. Sonona inakwambia papo hapo, "Amenichoka, kila mtu amenichoka." Mwanasaikolojia atakufundisha kulisimamisha wazo hilo na kulihoji: ushahidi uko wapi? Kuna maelezo gani mengine? Njia hii ilianzishwa na daktari Aaron Beck miaka ya 1960.

Njia nyingine huanza na miguu badala ya mawazo. Mnapanga jambo dogo, tuseme kutembea dakika kumi saa moja asubuhi, na unalifanya hata kama hujisikii. Mgonjwa husubiri hamu irudi ndipo afanye. Tiba hii inageuza mpangilio, kwa kuwa mara nyingi hamu hufuata tendo.

Kwa sonona isiyo kali sana, mazungumzo peke yake yanaweza kutosha. Na si lazima anayekusikiliza awe na shahada kubwa. Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha akina bibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kuchambua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliokaa kwenye benchi hilo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Dawa hazitanifanya zezeta?

Hofu hii inaeleweka, ila inachanganya dawa za aina mbili. Dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi, jamii ya diazepamu, ndizo zinazoweza kumpumbaza mtu na kumteka, akashindwa kukaa bila hizo. Dawa za sonona kama fluoksetini na setralini haziachi kiu ya namna hiyo.

Zina tabia moja inayokatisha tamaa: maudhi hutangulia nafuu. Wiki ya kwanza unaweza kupata kichefuchefu, kichwa kuuma au usingizi kuvurugika, ilhali moyo uko palepale. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na kipimo cha haki ni wiki sita hadi nane. Wengi huacha siku ya kumi wakisema dawa haifanyi kazi. Baadhi hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa. Mwambie daktari, maana dozi au dawa inaweza kubadilishwa. Dawa ya kwanza isipokufaa, ya pili inaweza kukufaa.

Ukipona, endelea nazo angalau miezi sita, kisha zipunguzwe polepole kwa maelekezo. Kuzikata ghafla huleta kizunguzungu na mwili kushtuka-shtuka. Walio chini ya miaka 25 wafuatiliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwa sababu mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kwa baadhi yao.

Na mitishamba, maombi, mazoezi?

Mazoezi yanasaidia kweli. Maombi hayagombani na dawa. Mitishamba ndiyo ya kuangalia: mmea wa Hypericum perforatum, unaouzwa kama tiba ya sonona, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za VVU. Chochote unachokunywa, kitaje.

Tiba ya umeme bado ipo?

Ipo. Umeme kidogo hupitishwa kwenye ubongo, na mgonjwa hulazwa usingizi kwanza. Hutumika kwa sonona kali sana, kwa mfano mtu aliyeacha kula. Usumbufu wake mkubwa ni kusahau mambo ya karibuni, na mara nyingi kumbukumbu hurudi.

Ndugu yangu anasema anataka kufa, na hataki kwenda hospitali. Nifanyeje?

Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Akisema ndiyo, na hasa akiwa na mpango, usimwache peke yake, ondoa sumu, silaha na dawa zilizorundikana, na mpelekeni leo hii kitengo cha dharura. Kama msomaji ndiye mwenye mawazo hayo, mpigie mtu mmoja sasa, umwambie aje.

Kama hatari si ya leo, kumbuka kuwa ugonjwa wenyewe umemnyang'anya nguvu anazohitaji kutafuta tiba. "Jikaze" haitamnyanyua kitandani. Mwambie jambo dogo lenye siku na saa: "Jumanne saa tatu nitakupitia, twende wote, tukimaliza nakurudisha." Akikataa, rudi Alhamisi. Mkifika, kaa naye foleni, muulize kama anataka uingie ndani au ubaki nje, na wakati wa kutoka andika kwenye simu yako tarehe ya kurudi, kwa sababu yeye huenda asiikumbuke.