Kodi isiyoonekana ni nini?

Kodi isiyoonekana ni kazi ya ziada ambayo walimu na viongozi wa shule wasio Wazungu nchini Marekani hubebeshwa kwa sababu ya rangi au asili yao. Haimo kwenye mkataba wala hailipwi. Msemo huu ulivuma mwaka 2016, John B. King, wakati huo Waziri wa Elimu katika serikali ya Obama, alipouandikia makala gazetini. King, mtoto wa baba Mmarekani mweusi na mama wa Puerto Rico, alikuwa yatima akiwa na miaka 12, na husema wazi kwamba walimu wa shule za umma za New York ndio waliomwokoa.

Chukua mwalimu wa hesabu ambaye ndiye mwanamume mweusi pekee shuleni. Yuko ubaoni anafundisha sehemu, mlango unagongwa. Kijana mweusi amefukuzwa darasa la jirani. "Hebu ongea naye, wewe anakusikiliza." Somo linasimama. Wiki inayofuata mambo ni yale yale, hadi shule nzima inamjua kama mtu wa nidhamu. Akipandishwa cheo, anakuwa naibu wa nidhamu: korido, kantini, adhabu, simu za wazazi. Naibu mwenzake Mzungu anakabidhiwa mitaala na mafunzo ya walimu. Nafasi ya ukuu wa shule ikitangazwa, kamati inamtafuta anayeijua mitaala. Kwangu mimi, hapa ndipo dhuluma ilipo hasa: uzuri wa kazi yake na vijana ndio unaomfungia njia.

Kwa Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kodi hii mara nyingi ni kuwakalimania wazazi wanaozungumza Kihispania. Hata mwalimu anayejua Kiswahili, penye familia za wakimbizi kutoka Kongo, anaweza kujikuta anaitwa kila kikao cha wazazi.

Tatizo lina mizizi. Kabla ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1954 iliyoharamisha ubaguzi wa rangi mashuleni, shule za weusi za majimbo ya kusini zilikuwa na wakuu weusi. Shule zilipounganishwa, nyingi kati ya hizo zilifungwa, na wakuu wake wakafukuzwa au kushushwa vyeo. Pengo hilo halijazibika: mwaka wa masomo 2020–21, wakuu weusi wa shule za umma, wanaume kwa wanawake, walikuwa takriban asilimia 10 tu.

Mipango ya kuwavuta vijana ipo. Call Me MISTER, ulioanzia Chuo Kikuu cha Clemson, South Carolina, huwasaidia ada wanaotaka kuwa walimu na kuwalea kwa pamoja. Lakini kumwingiza mtu kazini ni jambo moja, kumfanya abaki ni jingine. Akiwa mkuu, asitupwe katika shule iliyozama bila fedha, kisha aondolewe baada ya mwaka mmoja kwa matokeo mabaya. Apewe mlezi aliyewahi kukalia kiti hicho. Ukalimani uajiriwe mtu wake. Na kila naibu apate zamu ya nidhamu na sehemu ya masomo. Hili la mwisho halihitaji bajeti: mkuu wa shule anaweza kuketi na manaibu wake kabla ya mwaka wa masomo kuanza, akagawa majukumu upya.