Je, wajua cheti cha uhalisi wa gari kinathibitisha nini hasa?

Gari ikishushwa bandarini Malindi, Unguja, mwenye kuipokea haanzi na rangi wala matairi. Hufungua boneti, akaitafuta namba ya chasisi na kuilinganisha na ile iliyomo kwenye karatasi za Japani. Zikipishana hata tarakimu moja, pana kazi. Basi juzi barazani, Vikokotoni, kijana mmoja anayependa gari za mbio akauliza: mbona wenye Ferrari huzirudisha kwa wenye kiwanda zikakaguliwe, wakalipia cheti cha kusema gari ni ya kweli, na hali namba ipo? Na mwenye gari ya kisasa, kinamfaa?

Jibu linaanzia zamani. Miaka ya 1950 na 1960, gari ya mashindano ilikuwa chombo cha kazi. Injini ikipasuka ilitiwa nyingine. Bodi ikibondeka ilichongwa mpya, pengine kwa umbo jingine kabisa. Hali hiyo twaijua kwa Vespa za Mji Mkongwe: injini ya hii, madigadi ya ile, taa ya ile nyingine, na mtu anakwenda zake kazini. Tofauti ni bei. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu, kati ya 1962 na 1964, na mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani California kwa dola milioni 48.4. Bei ikifika huko, kuunda nakala yenye kupumbaza macho kunakuwa biashara.

Ndipo Ferrari ikaanzisha idara ya Classiche, ya kukagua gari za zamani na kuzipa vyeti, kwao Maranello, Italia. Wakaguzi hutazama chasisi, injini, giaboksi, bodi, breki, hata magurudumu, wakavilinganisha na daftari na michoro ya kiwanda.

Lakini si kila cheti kina uzito huo. Porsche kwa miaka mingi iliwapa wateja wa Marekani cheti kilichonakiliwa kutoka kwenye kumbukumbu zake: rangi ya kwanza, namba ya injini, vikorombwezo vilivyoagizwa. Hakuna aliyekuja kuigusa gari. Cheti cha namna hiyo chaeleza gari ilivyozaliwa. Hakisemi kama hii iliyo mbele yako ndiyo ile. Hapa ndipo mnunuzi anapoumia, kwa kuona muhuri wa kiwanda akadhani kila kitu kimeshakaguliwa.

Sasa tuje kwa ya kisasa. Namba yake ina herufi na tarakimu 17, na haina I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. (Gari zetu nyingi za Japani hazina hiyo; zina namba fupi yenye kistari katikati.) Namba hiyo haikugongwa kwenye chuma peke yake. Imo pia ndani ya kompyuta za gari, na kompyuta ikibadilishwa, fundi mwenye mashine ya kupimia huweza kuona zinapishana. Ferrari wenyewe kwa kawaida huisubiri gari itimize miaka 20 ndipo waipe cheti, isipokuwa za mashindano na za matoleo maalumu.

Kwa hiyo kijana nilimjibu wazi: kwa gari ya kisasa ya kawaida, pesa hizo azitie kwenye sevisi na risiti azitunze. Anayenunua Porsche ya 2015 hana shaka kama ni Porsche. Shaka yake ni kama iligongwa, na kama kilomita zilirudishwa nyuma. Hayo cheti cha uhalisi hakiyajibu. Karatasi ya mnada ya Japani, ile inayoandikwa hali ya gari, inamsaidia zaidi: akiona daraja la R au RA, anajua gari iligongwa ikatengenezwa. Na hakuna cheti kinachoona kutu ya chumvi inayotafuna chini ya milango ya gari inayolala karibu na pwani.

Ingekuwa ya toleo maalumu, zilizotoka chache na zenye wanunuzi wanaokiulizia cheti, ningemwambia alipe. Na asingoje mpaka siku ya kuuza. Mwenye gari huanza kwa kubadilisha ekzosi, kisha usukani, kisha rimu. Miaka ikipita, vile vya asili havionekani tena madukani.

"Hata rimu?" akauliza.

Hata rimu. Akitoa za kiwandani, azifungie stoo, pamoja na nati zake.