Dola 20 kwa saa: jinsi mkataba wa walezi wa nyumbani wa Minnesota unavyofanya kazi

Tangu tarehe 1 Januari 2025, mlezi wa nyumbani aliye chini ya mkataba wa chama cha wafanyakazi katika jimbo la Minnesota hapaswi kulipwa chini ya dola 20 kwa saa. Habari hiyo imeenea sana miongoni mwetu, Wakenya, Wakongo na Watanzania tunaofanya kazi hii Minneapolis, Brooklyn Park na St. Paul, nami huulizwa maswali mawili yaleyale kila mara: mbona mimi silipwi hivyo, na, kama nalipwa hivyo, mbona mwisho wa mwezi hela hazionekani? Kazi yangu ni kuwasaidia walezi kusoma mikataba yao na karatasi zao za mshahara. Kwa uzoefu wangu, kima cha saa ndicho kifungu kilicho rahisi kuliko vyote kukielewa, na ndicho kinachowafanya watu wasisome vifungu vingine.

Ni lazima kwanza kujua fedha zinatoka wapi. Mteja wetu kwa kawaida ni mzee au mtu mwenye ulemavu ambaye hana uwezo wa kumlipa mlezi kutoka mfukoni mwake. Anayelipa ni Medicaid, mpango wa afya kwa watu wa kipato cha chini unaogharimiwa kwa pamoja na serikali ya shirikisho na serikali ya jimbo. Mteja humchagua mlezi, humpangia kazi na anaweza kumwachisha, lakini fedha hupangwa na jimbo, kiasi kwamba mlezi anayetaka nyongeza hana wa kukaa naye mezani: aliye mwajiri hana fedha, na mwenye fedha hajioni kuwa mwajiri. Sheria ya shirikisho ya vyama vya wafanyakazi ya mwaka 1935 nayo iliwaacha nje wote walioajiriwa na familia kufanya kazi za nyumbani. Majimbo yaliyopata njia ya kutoka hapo yalitunga sheria za kulifanya jimbo, au mamlaka iliyoundwa kwa kazi hiyo, kuwa upande wa pili wa meza kwa ajili ya majadiliano tu. California ilitangulia, na mwaka 1999 walezi wapatao 74,000 wa kaunti ya Los Angeles wakajiunga na chama cha SEIU kwa kura moja. Oregon mwaka 2000 na Washington mwaka 2001 zilifuata kwa kura za wananchi. Minnesota ilitunga sheria yake mwaka 2013, na mwezi Agosti 2014 walezi, katika kundi la watu wapatao 27,000, walipiga kura ya kuwakilishwa na SEIU Healthcare Minnesota.

Kwa utaratibu huo, saini ya jimbo na chama haitoshi kuuweka mkataba katika nguvu. Lazima bunge la jimbo liuidhinishe na kuutengea fedha, na hapo ndipo walezi na wateja wao, baadhi yao wakiwa kwenye viti vya magurudumu, huenda kukaa mbele ya kamati za bunge kueleza ni usiku mangapi mteja amelala bila kugeuzwa kwa sababu hakukuwa na mtu wa kukubali kazi kwa malipo yaliyokuwapo. Mkataba wa kwanza, wa mwaka 2015, ulifikisha kima cha chini kwenye dola 11 kufikia katikati ya mwaka 2016. Kufikia Julai 2022 kilikuwa dola 15.25. Mkataba uliojadiliwa mwaka 2023 ndio uliokipandisha hadi dola 19 mwezi Januari 2024, kisha 20 mwaka uliofuata.

Kwa mlezi anayefanya saa 30 kwa wiki, tofauti kati ya dola 15.25 na dola 20 ni dola 142.50 kila wiki, yaani dola 7,410 kwa mwaka kabla ya makato. Juu ya kima cha chini kuna ngazi za uzoefu, ambazo huhesabiwa kwa saa ulizokwisha kufanya, wala si kwa miaka, na ngazi ya mwisho ni ya waliozidi saa 10,000. Mtu wa saa 30 kwa wiki huchukua zaidi ya miaka sita kuifikia. Nawasihi watu watunze kumbukumbu za saa zao wenyewe, kwa sababu mlezi hubadilisha wateja na kampuni mara kwa mara, na asiyekuwa na karatasi mkononi huwa na kazi kubwa ya kuthibitisha saa alizofanya miaka minne iliyopita kupitia kampuni iliyokwisha kufungwa.

Sasa nije kwa wale wanaouliza kwa nini hawalipwi hivyo. Mkataba huu hauhusu kila mtu anayemwogesha mzee au kumlisha mtoto mwenye ulemavu. Unawahusu walezi walio chini ya mipango ambayo mteja mwenyewe, au mtu wa familia anayemwakilisha, ndiye mwajiri. Zamani njia hiyo iliitwa PCA Choice, ndani ya PCA, yaani mpango wa zamani wa jimbo wa kumtunza mtu nyumbani kwake, na Oktoba 2024 mfumo mzima wa PCA ulianza kuhamia kwenye mpango mpya wa CFSS, ambao una njia mbili: njia ya wakala, ambako kampuni ndiyo inayokuajiri, na njia ya bajeti, ambako mteja anakuajiri na kampuni ya kusimamia fedha inashughulikia tu malipo na kodi. Kwa hiyo dada wawili wanaoishi nyumba moja Brooklyn Park, wanaofanya kazi ileile ya kumwinua mteja kitandani, kumpeleka bafuni na kumpikia, wanaweza kuwa mmoja yuko chini ya mkataba na mwingine hayuko. Kampuni ya wakala inaweza kulipa kiasi hicho au zaidi, lakini atakayedai haki yake huko hawezi kushika mkataba wa chama na kusema kifungu hiki kimevunjwa. Kabla ya kulalamika kwamba umepunjwa, angalia kwenye karatasi zako za kuajiriwa ni nani aliyeandikwa kuwa mwajiri. Mara nyingi jibu la swali zima liko kwenye mstari huo mmoja.

Njia ya bajeti ina jambo lake ambalo walezi wengi hawaelezwi. Mteja hupangiwa kiasi fulani cha dola kwa mwaka, na humo hutoka mshahara wa mlezi pamoja na kodi za mwajiri. Kima kikipanda na bajeti isipande, saa ndizo zitakazopungua, na mlezi atajikuta analipwa zaidi kwa saa huku kipato chake cha mwezi kikibaki palepale. Hii ndiyo sababu majadiliano ya mshahara hayawezi kutenganishwa na viwango ambavyo jimbo huvitumia kukokotoa bajeti za wateja, na ndiyo sababu mimi humwambia mlezi amuulize mteja wake mambo mawili kwa pamoja: ni dola ngapi kwa saa, na ni saa ngapi zimebaki hadi mwisho wa mwaka wa bajeti. Nimeshaona karatasi ya mama mmoja ambaye alifanya kazi kwa saa nyingi miezi minane ya mwanzo, halafu miezi ya mwisho akabaki na saa chache mno kwa wiki, bila mtu yeyote kumdhulumu. Fedha zilikuwa zimetumika mapema kuliko mpango.

Kuna pia saa za ziada, ambazo sheria ya shirikisho inataka zilipwe kwa kima cha mara moja na nusu baada ya saa 40 kwa wiki. Walezi walisubiri haki hiyo kwa muda mrefu kuliko karibu wafanyakazi wote wa nchi hii. Sheria ya kima cha chini na saa za kazi ni ya mwaka 1938. Kazi za nyumbani ziliingizwa mwaka 1974, lakini wanaokaa na wazee wakachukuliwa kuwa watu wa kuliwaza tu na wakaachwa nje. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Evelyn Coke, mlezi mwenye asili ya Jamaika aliyekuwa akifanya kazi New York, iliamua kwa kauli moja kwamba hata mlezi aliyeajiriwa na kampuni hakuwa na haki ya saa za ziada chini ya kanuni zilizokuwapo. Wizara ya Kazi ilibadilisha kanuni hizo mwaka 2013, na baada ya mvutano wa mahakamani zikaanza kutumika mwaka 2015.

Kivitendo haki hii imekuja na mpaka wake: waajiri wengi, kwa kuwa bajeti haikuongezewa fedha za saa za ziada, huwazuia walezi kuvuka saa 40. Mlezi huchukua mteja wa pili kwingine, afanye saa 25 hapa na 25 kule. Kama wote wawili wako kwa mwajiri mmoja, saa 10 za mwisho hulipwa dola 30 na wiki humletea dola 1,100. Kama ni waajiri wawili tofauti, saa 50 zote hulipwa dola 20, jumla dola 1,000. Pamoja na hayo, jimbo lina kikomo cha saa 310 kwa mwezi kwa mlezi mmoja, hata awe na wateja wangapi.

Kuhusu likizo, watu huchanganya kinachotolewa na mkataba na kinachotolewa na sheria. Tangu Januari 2024 sheria ya Minnesota inampa karibu kila mfanyakazi saa moja ya likizo yenye malipo kwa kila saa 30 alizofanya, hadi saa 48 kwa mwaka, kwa ajili ya ugonjwa wake, kumuuguza mtu wa familia, na hata mazishi. Hiyo ni haki ya wote, aliye na chama na asiye nacho, na mwajiri asikuambie kwamba amekufanyia hisani. Mkataba ulikuwa umeanza kuwapa walezi likizo yenye malipo miaka kadhaa kabla ya sheria hiyo, na unaongeza malipo ya mara moja na nusu kwa siku za sikukuu zilizotajwa. Hata hivyo, kwetu sisi ambao msiba ukitokea hutulazimu kupanda ndege hadi Nairobi au Bukavu, saa 48 ni chache: kwa mtu wa saa 30 kwa wiki ni wiki moja na siku tatu hivi, na safari yenyewe ya kwenda na kurudi huzila siku nne.

Mahali ambapo mkataba wa Minnesota bado uko nyuma, kwa maoni yangu, ni bima ya afya na pensheni. Katika jimbo la Washington, ambako nako wapo walezi wengi wa kutoka Afrika Mashariki, hasa Kent na Tukwila, mkataba wa SEIU 775, tawi la chama hicho huko, umejenga mifuko ya pamoja inayochangiwa kwa kila saa ya kazi. Mlezi anayefanya saa 80 au zaidi kwa mwezi hupata bima ya afya kwa kuchangia dola 25 tu kwa mwezi, na upo mfuko wa pensheni ambao ulikuwa wa kwanza wa aina yake kwa walezi wa nyumbani nchini, pamoja na taasisi ya mafunzo inayomlipa mlezi muda anaokaa darasani. Ugumu wa huko ni ile saa ya 80. Mteja akilazwa hospitali wiki mbili, kwa kawaida saa za mlezi husimama, na mwezi ukiisha na saa 70 bima nayo huingia hatarini. Pamoja na udhaifu huo, ningechagua mfuko kama huo kuliko nyongeza ya senti 50 kwa saa, kwa sababu mgongo wa mlezi huchoka kabla ya miaka yake ya kustaafu kufika.

Walio ndugu wa mteja nao wana hesabu tofauti. Mlezi anayeishi nyumba moja na mteja wake chini ya mipango hii ya Medicaid anaweza kutolipa kodi ya mapato ya shirikisho kwa malipo hayo, kutokana na waraka wa mamlaka ya kodi wa mwaka 2014. Wengi hawajui na wanaendelea kukatwa. Upande wa pili, mzazi au mume au mke anayelipwa kumtunza mtu wake mara nyingi hakatwi mchango wa Social Security, na mwezi usiokatwa mchango hauhesabiwi katika miaka kumi inayohitajika ili kupata pensheni hiyo. Anayefanya kazi hii pekee kwa muda mrefu ajue hivyo mapema.

Ada ya chama ni ya hiari. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Harris dhidi ya Quinn ya Juni 2014, mlezi wa aina yetu hawezi kulazimishwa kulipa chochote, na asiyelipa bado hupata mshahara uleule wa mkataba. Mimi hulipa, kwa sababu majadiliano yanagharimu na bunge halisikilizi meza isiyo na watu nyuma yake.

Mwezi Julai 2025 Wizara ya Kazi ya shirikisho ilipendekeza kuzirudisha kanuni za zamani, ili mlezi aliyeajiriwa na kampuni aondolewe tena kwenye kima cha chini na saa za ziada za shirikisho. Sheria ya Minnesota ya saa za ziada huanza baada ya saa 48, si 40. Ndiyo maana ninaona kwamba mikataba ya walezi, popote ilipo, inapaswa kuandika malipo ya saa za ziada baada ya saa 40 ndani yake yenyewe, kwa kifungu kinachosimama bila kutegemea kanuni ya Wizara.