Bata hahitaji bwawa, anahitaji kuzamisha kichwa

Wengi Nairobi huacha wazo la kufuga bata wa malardi kwa kuwa ploti haina nafasi ya bwawa. Bwawa si lazima. Kinachohitajika ni maji yenye kina cha kuzamisha kichwa kizima, kama sentimita 10 hadi 15, kwani ndivyo bata anavyosafisha macho na matundu ya pua. Akinyimwa, macho hushikana kwa uchafu, na chakula kikavu humkwama kooni. Karai pana linatosha bata wawili kuoga. Liweke juu ya kokoto, mbali na mahali wanapolala, na ulimwage kila siku. Maji hayo sukuma wiki huyapenda. Ukiahirisha, jambo linalovutia sana wakati wa mgao wa maji, hugeuka tope la kinyesi.

Vifaranga ni habari nyingine. Aliyeanguliwa kwa mashine hakupakwa mafuta ya manyoya na mama yake. Ukimwacha aelee hulowa, hupigwa na baridi na kufa, hasa Julai. Mpe maji kwenye chombo kifupi chenye mawe ndani. Kuoga kuwe dakika chache, ukimtazama, kisha umkaushe, hadi manyoya kamili yaote, yapata wiki ya 7 au 8.