Kukataa 7 hakuifanyi namba kuwa tasa

Nafundisha tuisheni ya hisabati hapa Moshi, na jibu hili naletewa na watoto wa Darasa la Saba, kaka zao wa sekondari, hata wazazi wanaowasaidia kazi za nyumbani: "Mwalimu, hii ni tasa. Nimeijaribu kwa 2, 3, 5 na 7, zote zimekataa." Tasa ni namba yenye vigawo viwili tu, yaani inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe.

Hapana, haitoshi. Chukua 10,001. Ni witiri, haiishii na 5, jumla ya tarakimu zake ni 2 kwa hiyo 3 haiingii, na ukiigawa kwa 7 inabaki 5. Mwanafunzi anaandika "tasa" na kufunga daftari. Angeendelea na 11, 13, 17 mpaka 73, angekuta 73 × 137 ni 10,001 kamili.

Chanzo cha kosa nakijua. Shule ya msingi wanapewa namba za chini ya 100, na huko 2, 3, 5 na 7 zinatosha kweli. Zinatosha mpaka 120. Ya 121 ndiyo inayoziumbua, maana ni 11 × 11, kisha 143, yaani 11 × 13. Unatakiwa kujaribu kila namba tasa isiyozidi kipeuo cha pili cha namba yako, yaani ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unaipata namba yako. Namba ikiwa ni zao la namba mbili, haziwezi zote mbili kuzidi kipeuo hicho, kwani zao lao lingeipita namba yenyewe. Kipeuo cha 10,001 ni 100 na ushee, na chini ya 100 kuna namba tasa 25. Ziandikwe zote nyuma ya daftari, mtoto azijue kama majina ya ndugu zake. Na asiruke 13 eti kwa sababu "huwa haiingiagi"!

Hata mwanahisabati mashuhuri Fermat aliamini 4,294,967,297 ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417.

Yapo na madai mengine yasiyo sahihi ninayoyasikia. "Namba ikiwa kubwa, vigawo vinakuwa vingi." Urefu wa Mlima Meru ni mita 4,562, na vigawo vyake ni vinne tu: 1, 2, 2,281 na 4,562. Kilimanjaro, 5,895, ina vigawo 12, idadi ileile kama ya namba 60.

"Ikigawanyika kwa 4 na kwa 6, inagawanyika kwa 24." Jaribu 12.

"1 ni tasa." Tasa ina vigawo viwili, 1 ina kimoja.

"Huko mbele namba tasa zinaisha." Mwaka 2024 ilitangazwa yenye tarakimu 41,024,320, nayo si ya mwisho. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alishalimaliza hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita: zidisha namba tasa zote ulizonazo, jumlisha 1. Jibu hilo ukiligawa kwa yoyote kati ya hizo linabakiza 1, kwa hiyo kuna tasa nyingine nje ya orodha yako.