Meya wa Chicago na hesabu ya madiwani 50

Wengi hudhani kwamba meya wa jiji kubwa la Marekani akishaapishwa kazi yake ni kuamuru tu. Miaka ya Harold Washington, Mweusi wa kwanza kuchaguliwa meya wa Chicago, inaonyesha vingine.

Alianzia chini kabisa. Baba yake alikuwa mwanasheria na mtu wa chama cha Democratic mtaani, na alipofariki mwaka 1953, Harold akarithi nafasi hiyo. Ilifanana sana na ubalozi wa nyumba kumi: kujua nani kahamia, taka za nani hazijazolewa, nani atapiga kura na nani mpaka akumbushwe. Walioleta kura walipewa ajira za jiji. Kwa hiyo alipokuja kuupinga mfumo huo, aliujua nje ndani.

Kuanzia 1965 alikuwa mbunge wa jimbo la Illinois, kisha seneta wa jimbo, na 1981 akaingia Bunge la Marekani. Malaika hakuwa: mwaka 1972 alikaa jela siku 36 kwa kutowasilisha hesabu za kodi ya mapato, na wapinzani hawakuchoka kulitaja hilo. Februari 1983 alishinda mchujo wa chama, kura za Wazungu zikiwa zimegawanyika kati ya meya aliyekuwapo, Jane Byrne, na Richard M. Daley, mtoto wa meya wa zamani. Aprili alimshinda Bernard Epton wa Republican kwa tofauti ndogo, tena katika ngome ya Democratic. Kwa wapiga kura wengi Wazungu, rangi ya mgombea ilikuwa imekishinda chama.

Shughuli ikaanza kwenye baraza la jiji. Kati ya madiwani 50, 29 walijikusanya nyuma ya Edward Vrdolyak, Mdemocrat mwenzake Washington. Kikao cha Mei 2, Washington alikiahirisha akatoka na watu wake. Wale 29 wakabaki ukumbini, wakaendelea na kikao, wakagawana uenyekiti wa kamati. Alikwenda mahakamani, akashindwa.

Silaha yake ikabaki kura ya turufu. Kuitengua kulihitaji theluthi mbili, yaani madiwani 34, na wao hawakufika. Miaka mitatu ikapita hivyo, huku teuzi zake zikikwama kwenye kamati. Mahakama ya shirikisho ilipobaini kuwa mipaka ya kata iliwabagua Weusi na Walatino, uchaguzi ulirudiwa mwaka 1986 katika kata saba. Baraza likawa 25 kwa 25, na kura ya kuamua ilikuwa ya meya.

Alichaguliwa tena 1987. Novemba 25 mwaka huohuo moyo ulisimama akiwa ofisini. Mrithi hakuchaguliwa na wananchi: baraza lilikesha hadi alfajiri, likampa Eugene Sawyer kura 29 dhidi ya 19 za Timothy Evans. Uchaguzi wa 1989 ulimwingiza Daley, yule wa mchujo wa 1983, naye akakaa hadi 2011.