Kabla Kikosi cha Uokoaji Hakijafika

Alfajiri ya Januari 17, 1995, ardhi ilitikisika chini ya mji wa Kobe, Japani, kwa muda wa sekunde 20 hivi. Zaidi ya watu 6,400 walifariki. Japani ina vikosi vya zimamoto vya kupigiwa mfano, lakini wengi wa waliotolewa hai kwenye vifusi walitolewa na ndugu na majirani zao. Barabara zilikuwa zimezibwa, mabomba ya maji yamepasuka, na moto unawaka sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Kikosi kimoja hakiwezi kugawanyika mara mia.

Ndiyo maana nikialikwa kuzungumza na halmashauri kuhusu maafa, sianzi na habari za helikopta. Nauliza: nani hapa anajua yule bibi wa nyumba ya kona analala chumba gani? Watu hucheka. Lakini anayechimba kifusi cha nyumba ya vyumba vinne akijua aanzie wapi, anaokoa saa nzima, na aliyefukiwa hana saa nyingi. Uongozi wa mtaa uwe na daftari la namna hiyo: wazee wanaoishi peke yao, watu wenye ulemavu, wagonjwa wasioweza kukosa dawa hata siku moja. Ukurasa wa pili uwe wa wenye ujuzi: muuguzi, fundi umeme, dereva wa katapila. Liwe la karatasi, kwa sababu umeme na mtandao wa simu hutangulia kukatika. Na litunzwe kwa siri, maana orodha ya wanaoishi peke yao ikizagaa inaweza kuwafaa wezi.

Vifaa si vya gharama ya kutisha: mitaimbo, sururu, misumeno, jeki za magari, glavu, kofia ngumu, tochi, filimbi. Shida huwa kwingine. Katika zoezi moja nililosimamia, ghala lilikuwa na kila kitu, ila ufunguo alikuwa nao ofisa mmoja aliyekuwa safarini. Tulisubiri dakika 40. Tangu siku hiyo nasisitiza funguo tatu kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na ghala lenyewe liwe banda jepesi, lisiwe chumba cha chini cha jengo la ghorofa ambalo huenda likaanguka juu ya vifaa vyake.

Mtikisiko ukianza, inama, ingia chini ya meza imara, ikamate mguu na ukinge kichwa. Ukiwa nje, kaa mbali na kuta na nyaya. Mtikisiko ukishatulia, zima gesi, kisha tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga simu. Usirudi ndani ya nyumba yenye nyufa kufuata godoro. Nepal ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7.8 Aprili 25, 2015, na Mei 12 likaja jingine la 7.3, likabomoa majengo yaliyokuwa yamebaki yakining'inia na kuua watu wengine zaidi ya 200.

Lakini kazi kubwa ya serikali ya mtaa iko kwenye meza ya vibali vya ujenzi. Mwaka 2010 tetemeko la Chile, la kipimo cha 8.8, lilitoa nishati mara 500 hivi ya lile la Haiti la 7.0. Chile walikufa watu 500 na ushei, wakiwemo waliochukuliwa na tsunami. Haiti, kwa makadirio mengi, walikufa zaidi ya 100,000. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa imo kwenye zege na nondo, na kwenye mkaguzi anayefika kabla zege halijamwagwa. Aangalie ringi za nguzo, yaani vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo pamoja: zimekaribiana, na ncha zake zimekunjwa kuingia ndani? Ringi iliyokunjwa nusunusu hufunguka nguzo inapotikiswa, na nondo zikatawanyika. Zege likishamwagwa, hakuna wa kuliona kosa hilo. Uturuki mwaka 2018 ilihalalisha kwa ada majengo mengi yaliyokiuka taratibu, miaka mitano kabla ya tetemeko la Februari 2023. Ada haiongezi nondo kwenye nguzo.

Mazoezi nayo yana namna yake. Jiji la Mexico hufanya zoezi kila Septemba 19, kukumbuka tetemeko la 1985. Mwaka 2017 walilifanya saa 5 asubuhi. Saa 7 na dakika 14 mchana likaja la kweli. Watu walikuwa wametoka kupita kwenye ngazi zilezile. Wengi wetu hatutapata bahati ya kukumbushwa saa mbili kabla. Kobe ilipigwa watu wakiwa vitandani, kwa hiyo kamati ya mtaa ijaribu zoezi moja usiku wa manane, taa zikiwa zimezimwa, na ione ni nani anakuja na ufunguo wa ghala.